Jumapili Sadaka Iliporudishwa

Selina Luhaga, ambaye Kiseke nzima jijini Mwanza humwita Mama Ngosha, alikuwa na sauti ya kushinda mashine. Mashine yake ya kukoboa mpunga ilipokuwa ikiunguruma, wateja walionyeshana kwa vidole kama mabubu, lakini yeye akiuliza "Gunia la nani hili?", mtu wa mwisho kwenye foleni alisikia na kujibu. Alizaliwa Magu kwenye familia ya wakulima wa pamba, akaja mjini na madebe mawili ya mchele, na baada ya miaka ishirini alikuwa na mashine, ghala na nyumba ya vyumba vitano. Hakuna kazi aliyopewa kanisani ikamshinda. Akina mama wa kwaya walisema Mama Ngosha akiamua jiwe litembee, jiwe litatafuta viatu.

Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka Rorya, wazee wa kanisa hawakuangalia huku wala kule.

Barua hiyo iliandikwa na usharika mdogo ulio kando ya ziwa, karibu na Shirati. Ziwa lilikuwa limepanda. Lilianza kula mwalo wa wavuvi, likaingia mashamba ya mihogo, mwisho likaingia ndani ya nyumba. Kaya thelathini na nne zilikuwa zinalala kanisani na madarasani. Walikuwa wamepata eneo juu ya kilima na walitaka kujenga upya. Waliomba mabati, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno.

"Kazi hii apewe Mama Ngosha," alisema Mzee Chenge, mwenyekiti wa baraza la wazee, mtu mrefu mwenye koti la suti alilolivaa hata jua likiwa la utosi. "Tukimpa mtu mwingine, tutafikisha mabati kumi na maombi mengi."

Mama Ngosha hakujivunga. Alikuwa na imani moja kuhusu watu na fedha, na aliitoa hadharani bila haya. "Mtu ni kama muwa," alisema. "Usipomkamua, utamu unabaki ndani."

Akaanza kukamua. Alichapisha kadi, kila kaya kadi yake, na kila kadi kiwango chake: wenye mishahara laki moja, wenye maduka na vibanda elfu hamsini, waliobaki wote elfu thelathini. Yeye mwenyewe alitangulia na laki tano taslimu, Mzee Chenge akazitangaza kwa sauti ya mahakamani, vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye kenchi. Kisha, kila Jumapili baada ya matangazo, Mama Ngosha alisimama na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya waliomaliza, aliisoma haraka. Ya pili ilikuwa ya wale ambao bado. Hiyo aliisoma polepole, jina moja moja, akimtazama mwenye jina kama yupo.

Na ilifanya kazi. Baada ya Jumapili tano walikuwa na zaidi ya milioni saba. Mzee Chenge alimshika mkono mbele ya watu akasema usharika huo haujawahi kuona kitu kama hicho tangu msingi wake uchimbwe. Mama Ngosha alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa taji.

Jumanne iliyofuata, Pius alikuja mashineni.

Pius alikuwa mpasua mawe. Alishinda kwenye miamba ya mlimani na nyundo na patasi, akitoa mawe ya msingi na kokoto, na mkewe Sabina alikuwa akishona nguo barazani kwao. Jina lao lilikuwa limesomwa kwenye orodha ya pili Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya nne hawakuonekana kanisani, wala ya tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Pius. Mmepotea kweli."

Pius alitoa mfukoni noti tatu za elfu kumi, akaziweka juu ya mzani. Mkono wa Mama Ngosha ulikuwa wazi, umenyooshwa, lakini hakuziweka humo.

"Hizi hapa. Sasa naomba unifute."

"Nikufute wapi, mwanangu?"

"Kwenye ile orodha. Nimelipa."

"Ubarikiwe sana," alisema Mama Ngosha, kama alivyowaambia wote. Kwa kawaida mtu alijibu amina. Pius alijipangusa vumbi la mawe kwenye suruali, akageuka.

"Mwambie Sabina nitapita kuchukua sketi yangu," alimwita, ili wasiachane vibaya.

"Sketi utaikuta haijaisha, mama. Cherehani kimekwenda Butimba."

"Kimeharibika tena? Kimepelekwa kwa fundi?"

"Kimeuzwa," alisema Pius, akaondoka.

Mama Ngosha alibaki amesimama pale. Mteja alimwita mara mbili hakusikia, yeye ambaye kila mtu alimsikia. Alikuwa mfanyabiashara. Alikopesha mchele nusu ya Kiseke na kudai nusu nyingine, na uso wa mtu anayemaliza deni aliujua kama anavyojua mchele wa Magu kwa harufu. Uso wa Pius ulikuwa ndio huo. Kilichomshtua ni kwamba alipoanza kukumbuka nyuso nyingine, mwalimu yule aliyemsukumia bahasha bila kusimama, mama wa vitumbua aliyekwepa macho yake, kijana wa saluni aliyesema "tumeshamalizana basi", zote zilikuwa uso huo huo. Ndani ya wiki tano hakukumbuka aliyemletea fedha akicheka.

Alifunga mashine kabla ya saa kumi, jambo ambalo majirani walidhani ni msiba, akaenda kwa mchungaji.

Mchungaji Alexander Nkwabi alikuwa uani anaosha pikipiki yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mpole, na kwa kusema kweli alimwogopa Mama Ngosha kidogo. Alimletea kiti. Mama Ngosha hakukaa.

"Baba Mchungaji, nataka uniambie. Biblia inasemaje juu ya mtu kuuza cherehani ili jina lake lisisomwe?"

Mchungaji aliweka chini tambara. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa naona," alisema. "Kuanzia Jumapili ya pili nilikuwa naona watu wanainamisha vichwa. Lakini fedha zilikuwa zinaingia, nikasema moyoni, shabaha ni njema. Kosa ni langu kabla ya kuwa lako."

"Kosa tutagawana baadaye. Nijibu kwanza."

Basi mchungaji akamsimulia, huku maji ya sabuni yakichuruzika miguuni pake. Akamweleza jinsi Mtume Paulo alivyokusanya msaada kwa ajili ya ndugu waliokuwa na njaa Yerusalemu, na jinsi waliomshangaza hawakuwa matajiri wa Korintho. Ni watu wa Makedonia, maskini wa kutupwa, wenye taabu zao wenyewe. "Hao hawakubembelezwa, mama. Wao ndio waliombembeleza Mtume awaruhusu watoe. Waliona ni heshima wanayonyimwa. Na wale Wakorintho akawaambia kila mtu aamue mwenyewe moyoni mwake, asitoe kwa kusukumwa wala kwa kinyongo, kwa maana Mungu anapendezwa na anayetoa huku moyo wake umechangamka."

"Huku moyo umechangamka."

"Ndiyo, mama."

Mama Ngosha alitazama chini kwenye povu. "Basi sisi tunawapelekea watu wa Rorya magunia ya huzuni," alisema. "Watalala chini ya mabati ya huzuni. Hapana. Mchungaji, Jumapili tunawarudishia."

"Tunawarudishia nini?"

"Fedha zao."

Mchungaji alisema Mzee Chenge hatakubali. Alisema watu wa Rorya wamekwisha kuambiwa mwezi ambao msaada utafika. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba huenda wasibaki na kitu.

"Huenda," alisema Mama Ngosha. "Lakini mimi ndiye niliyewakamua. Nitasimama mimi."

Mzee Chenge hakukubali, kama ilivyotabiriwa. Ijumaa jioni, kwenye kikao cha wazee, aligonga meza mpaka kalamu ikaanguka. Aliuliza ni wapi duniani kikapu cha sadaka kiliwahi kurudi nyuma. Mama Ngosha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini fedha hizi nilizikusanya kwa mdomo wangu, na mdomo wangu ndio utakaozitapika." Wazee watatu walikuwa upande wa mchungaji, ambaye sasa alikuwa amekubali, wawili upande wa mwenyekiti. Ikapita.

Jumapili ile kanisa lilijaa, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kuja kuhakikisha majina yao hayasomwi. Sabina na Pius walikuja pia, wakakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wakati wa matangazo Mama Ngosha alisimama, na migongo mingi ikakaza.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," walijibu, kwa tahadhari.

"Leo sina orodha. Nilizichana. Nilikuwa nawaambia mnatoa. Mlikuwa hamtoi, mlikuwa mnalipa faini, na hakimu alikuwa mimi. Naomba mnisamehe. Meza ile pale ina fedha zote mlizoleta. Yeyote ambaye zilimtoka kwa aibu, au kwa kuniogopa mimi, aje achukue zake. Hatutaandika, hatutasoma, hatutauliza. Neno linataka mtoaji mwenye moyo mchangamfu. Kama huna huo, Mungu hana haja na fedha yako, na watu wa Rorya hawakuomba machozi yetu. Wanayo yao."

Hakuna aliyesimama, na ni nani angesimama? Kwenda pale mezani kuchukua ilikuwa aibu kubwa kuliko kutolipa. Mama Ngosha aliona hilo mara moja. Alishuka kwenye ngazi ya madhabahu, akatembea mpaka mezani, akahesabu laki tano, akafungua mkoba wake na kuzitia humo.

Minong'ono ikavuma kanisa zima.

"Hizi ni zangu," alisema. "Nilizitoa ili Mzee Chenge azitangaze na nyinyi mpige vigelegele. Mlipiga, nashukuru. Mungu hakupata kitu hapo." Akaenda akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

Mama wa vitumbua ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akainuka akaenda kuchukua elfu hamsini zake. Halafu yule mwalimu. Halafu wakawa foleni. Mchungaji alipoona foleni inafika mlangoni alianzisha wimbo wa pambio ili watu wasitembee katika kimya, na kwaya ikaushika, na sadaka ikarudi kwa wenyewe kwa ngoma na kayamba. Sabina alikwenda mwenyewe. Alichukua noti tatu, akamtazama Mama Ngosha kwa kitambo, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayeafikiana bei na mwenzake.

Zilibaki milioni mbili na kitu. Mzee Chenge aliondoka bila kuaga.

Kesho yake Mama Ngosha alimfuata Sabina, wakaenda wote Butimba kukikomboa cherehani. Aliyekinunua alikuwa mama mmoja mshonaji wa sare karibu na chuo cha ualimu, na hakutaka kukiachia bila faida. Alidai elfu ishirini juu. Mama Ngosha alishafungua mkoba, lakini Sabina akamshika kiwiko.

"Hapana, mama. Hili niachie."

Akaketi kwenye kigoda cha yule mama, akavuta rundo la sketi za shule zilizokuwa zinangoja kupindwa, na akasema atazipinda zote kumi na nne kabla ya saa saba, ndiyo iwe faida. Alizipinda. Mama Ngosha alikaa mlangoni akila karanga na kumtazama, na kwa mara ya kwanza alijua kwamba mwanamke huyu aliyemsoma jina mara tatu alikuwa fundi kumpita yeye alivyo mfanyabiashara.

Lakini laki tano zilikuwa bado zimo mkobani, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Alijiuliza swali rahisi: kama hakuna mtu atakayejua, si mchungaji, si kwaya, si mume wake aliye migodini Geita, atatoa kiasi gani? Aliuchungulia moyo wake kama anavyochungulia gunia, na akaona chini. Hakukuwa na kitu. Mkanda wa mashine ulikuwa umeanza kuchanika, na mkanda mpya ulitaka fedha. Jumatatu ikapita, na Jumanne. Hakujisukuma. Alijua sasa kusukuma kunazaa nini. Aliomba tu, huku akipepeta: "Bwana, nakuja kwako mkono mtupu na mkoba umejaa. Hii hali uiangalie wewe."

Jumatano alifungua ghala kupima unyevu wa mchele. Kwenye ukuta wa ndani alikuwa ameweka magunia ishirini ya mchele wa daraja la kwanza, mrefu, unaonukia, aliokuwa ameuficha tangu mavuno ili auuze mwezi wa pili bei ikipanda. Aliingiza mkono kwenye gunia moja akautoa umejaa punje nyeupe. Akawaza mama fulani kule Shirati, asiyemjua, akiinjika sufuria akitegemea chenga za msaada, zile chenga zenye mawe ambazo watu hutoa kwa wenye shida, kisha anafunua mfuniko na harufu hii inampiga usoni. Akaiona sura ya huyo mama. Akaanza kucheka peke yake ghalani, kicheko cha tumboni kabisa, mpaka msichana wake wa kazi akaja kuchungulia.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna watu watakula wali," alisema Mama Ngosha, akifuta macho. "Niitie wapakiaji. Magunia kumi. Siyo ya chenga, haya ya ukutani. Haya ya ukutani!"

Alishangaa jinsi jambo hilo lilivyokuwa jepesi. Laki tano zilikuwa zimemtoka na kumwacha vilevile alivyokuwa. Magunia kumi yalikuwa na thamani kuzidi hizo mara tatu, na aliyatazama yakitoka mlangoni kama mtu anayemsindikiza bintiye kwenye harusi njema. Laki tano nazo akazipeleka jioni kwenye kikapu, akaziingiza bila bahasha wala jina. Mkanda wa mashine aliushona kwa uzi wa nailoni, na uliendelea kuzunguka.

Hakuwa peke yake. Wiki ile watu walianza kuja, si wote, wala si kwa kishindo. Mama wa vitumbua alileta elfu ishirini, akasema hizi ndizo zake za kweli, zile nyingine alikopa kwa jirani. Mwalimu alirudisha laki nzima na kuongeza misumari. Wengine waliokuwa wamechukua fedha hawakuzirudisha, na hakuna aliyewauliza. Sabina alishona sare kumi na mbili za watoto kwa vitambaa alivyoviomba kwa washonaji wenzake. Na Pius alikuja mashineni, safari hii akisimama mahali palepale mbele ya mzani.

"Mama, fedha sina. Lakini nimesikia wanajenga kilimani. Kilima kina mawe. Wana mtu wa kuyapasua?"

"Sijui kama wanaye."

"Basi wanaye sasa," alisema Pius, na meno yake yote yakaonekana.

Yote yalipowekwa pamoja, zilikuwa milioni tano na ushee. Hazikufika zile za mwanzo. Mabati waliyonunua yalikuwa machache kuliko yaliyopangwa, na Mama Ngosha aliuandikia usharika wa Rorya ukweli huo bila kupindapinda. Lakini lori aina ya Fuso lilipoondoka Kiseke alfajiri ya Jumamosi, juu ya mabati na magunia walikaa watu kumi na wanne waliojitolea siku sita za kazi zao: waashi, mafundi seremala, Pius na nyundo zake tatu. Mbele kabisa, pembeni ya dereva, alikaa Mama Ngosha. Walipita Magu wakiimba, wakapita Lamadi na Bunda, wakavuka daraja la mto pale Kirumi jua likiwa kichwani, na alasiri wakaliona tena ziwa, upande mwingine, limekaa juu ya mashamba ya watu kama mgeni asiyejua kuaga.

Walipokewa na mama mmoja mnene mwenye kanga ya kwaya, jina lake Anyango, ambaye alikuwa amechaguliwa na wenzake kugawa msaada. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kumezwa. Alikuwa mkaushaji wa samaki, na tanuri lake sasa lilikuwa chini ya maji, ndege wakisimama juu yake. Aliwashika mikono mmoja mmoja, kumi na tano wote, akiwashukuru kwa lugha yake, "Erokamano, erokamano sana," na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Siku sita zile Mama Ngosha alizikumbuka kuliko siku nyingine nyingi za maisha yake. Pius alipasua mawe ya kilima na kuyapanga yakawa misingi, na vijana wa kijiji waliojua uvuvi tu walijifunza kwake jinsi ya kusikiliza jiwe kabla ya kulipiga. Akina mama walipika ule mchele siku ya kwanza, na Anyango alipofunua sufuria alirudi nyuma hatua moja, akamgeukia mgeni wake.

"Mmekosea gunia? Huu ni wa harusi."

"Hatujakosea," alisema Mama Ngosha.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya nyumba ya Anyango kuezekwa. Alikuwa ameandikiwa mabati ishirini. Fundi alipofika kwenye bati la kumi na mbili, Anyango alimwambia ashuke, akayabeba manane yaliyobaki na kuyapeleka ng'ambo ya njia, kwa mzee mmoja aitwaye Okomo, aliyekuwa amejikunyata chini ya turubai. Mama Ngosha alimkimbilia.

"Dada, mzee huyu hayumo kwenye orodha. Nimeambiwa hata kanisani haendi."

"Hayumo," Anyango alikubali. "Mimi nimo. Nimepewa ishirini, na chumba kimoja naweza kukiezeka kwa nyasi. Yeye hana hata kimoja."

"Lakini wewe ndiye uliyepoteza kila kitu!"

"Kila kitu, sawa. Na furaha ya kutoa, nayo niipoteze?"

Mama Ngosha akainama, akashika upande wa pili wa mabati, wakayabeba wote wawili mpaka kwa Mzee Okomo, ambaye aliyapapasa kwa kiganja kana kwamba yangeweza kuyeyuka, kisha akawaomba wamwambie jina la kanisa lao, walau alijue.

Asubuhi ya kuondoka, Fuso ikiwa imewashwa, Anyango alikuja na tenga la samaki waliokaushwa vizuri juani, sato wakubwa, wamefunikwa kwa majani ya mgomba, na juu yake kuku mweupe amefungwa miguu.

"Hii ni ya Kiseke."

"Hapana, dada yangu," alisema Mama Ngosha, akirudisha tenga kwa mikono yote miwili. "Hapana kabisa. Hamjavuna. Watoto watakula nini? Sisi tumekuja kuleta, hatukuja kuchukua."

Anyango hakulipokea. Aliweka mikono kiunoni, akamtazama kutoka juu hadi chini, na sauti yake haikuwa ndogo kuliko ya mwenzake.

"Mama Ngosha. Siku sita nimekuona unacheka. Ulicheka ukigawa mchele, ulicheka ukibeba mabati. Sasa furaha hiyo yote unataka uwe nayo peke yako? Na sisi tukae tu tunapokea, kama kuta?"

Mama Ngosha, aliyezoea kuwa na neno la mwisho kutoka Magu hadi Mwanza, alilitazama tenga. Kisha akapiga goti moja, kama binti anavyopokea kwa mkubwa wake, akalipokea kwa mikono miwili.

"Wabheja," alisema kwa Kisukuma, akishukuru kama wanavyoshukuru kwao Magu.

"Hivyo ndivyo," alisema Anyango, akamwinua.

Walifika Kiseke jioni. Kesho yake, baada ya ibada, Mama Ngosha hakuwapeleka samaki wale mnadani kama ilivyo desturi ya vitu vinavyoletwa kanisani. Aliwapika kwa nazi na nyanya, akawaalika nyumbani kwake wote kumi na wanne na wake zao na waume zao, na akamtumia Mzee Chenge ujumbe mahsusi. Hakudhani atakuja. Alikuja, na koti lake, akakaa pembeni, akala polepole huku Pius akisimulia habari za mabati manane ya Anyango.

Simulizi ilipoisha Mzee Chenge alinawa mikono, akaomba kusema.

"Mimi niliwapinga," alisema. "Mlidhani nawapinga kwa sababu ya utaratibu. Hapana, niliogopa aibu. Ile Jumapili mlipokuwa mnapanga foleni kuchukua zenu, mimi sikuwa na cha kuchukua. Kadi yangu ilikuwa tupu. Sikutoa hata senti, na jina langu halikusomwa, kwa kuwa hakuna anayemsoma mwenyekiti."

Mama Ngosha alihisi kicheko kinampanda, akajaribu kukizuia kwa heshima ya mzee, akashindwa. Kikatoka kama mashine inapowashwa, na Mzee Chenge, baada ya kumtazama kwa mshangao, akaanza kucheka naye, mabega yakitikisika ndani ya koti, mpaka sebule nzima ikakishika.

"Nina mtamba kule kwetu Magu," alisema alipoweza kusema. "Ana mimba. Hakuna aliyeniomba. Nimemwazia huyo Anyango."

"Ng'ombe, mzee? Tutamtuma na Fuso ya mwezi ujao."

"Humtumi," alisema Mzee Chenge, akivua koti na kulitundika nyuma ya kiti. "Nampeleka mwenyewe. Nitapanda nyuma naye. Nataka kumwona huyo mama akimpokea."